Kamba Iko Kwenye Bango

Saa mbili kamili asubuhi mwonjaji alikuwa amekwisha kusukutua mara tatu kwa maji ya uvuguvugu na kutafuna kipande cha mkate mkavu, kwa kuwa ulimi unaokumbuka chai haufai kitu katika kiwanda cha ramu. Meza yake nyeupe ilielekea dirishani. Juu yake kulikuwa na glasi sita ndogo na daftari lenye safu nne: rangi, harufu, ladha, uamuzi. Chini yake kulikuwa na ndoo ya kutemea. Safu ya mwisho ilitaka neno moja tu, imepita au imekataliwa, na katika miaka kumi na minne hakuna aliyewahi kulipindua neno lake. Si kwamba walimpenda. Waliojaribu kubishana walipewa glasi na kuambiwa waonje waseme wenyewe, wakabaki kutafuna maneno.

Jumanne hiyo mtunza ghala alimletea kionjo cha pipa la kumi na tisa, lililokuwa limetimiza miaka mitatu na kustahili kufunguliwa. Mwonjaji aliinua glasi kwenye mwanga. Rangi ilikuwa ya asali iliyokolea. Akanusa: miwa iliyoungua, ganda la chungwa, mbao, na nyuma ya vyote kitu kama shati lililoanikwa juani. Akavuta funda, akalizungusha mdomoni, akatema ndooni. Kisha akafungua mdomo amwambie mtunza ghala afunge mlango.

"Kamba iko wapi?" akauliza.

Sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya mumewe aliyekufa miaka mitatu iliyopita, nzito kidogo, yenye mkwaruzo mwishoni, sauti ya mtu anayeuliza jambo kwa mara ya pili na hapendi kuliuliza mara ya tatu.

"Iko kwenye bango," mtunza ghala akajibu, maana hilo ndilo lililokuwa jibu na kila mtu kiwandani alilijua. Halafu akakohoa, akatazama viatu vyake, akaenda kufunga mlango ambao hakuwa ameambiwa aufunge.

Mwonjaji akaandika. Rangi, nzuri. Harufu, nzuri. Ladha, ya mume wangu. Kwenye safu ya uamuzi kalamu ilikaa hewani kitambo, kisha akaandika imepita, kwa sababu ilikuwa ramu nzuri kuliko zote alizowahi kuonja na yeye hakuwa mtu wa kulidanganya daftari.

Tusizunguke. Kiwanda kiliachwa na mzee mmoja kwa wanawe wawili. Mkubwa, mume wa mwonjaji, aliachiwa matangi na mitambo ya kukenekea, inayogeuza pombe changa kuwa ramu kwa mvuke. Mdogo, ambaye kwa mwonjaji ni shemeji, aliachiwa ofisi na funguo. Mzee aliacha pia kanuni mbili zilizoandikwa kwa rangi nyeusi kwenye ukuta wa matangi. Kanuni ya kwanza ilisema kwamba tangi la kuchachushia molasi likishamaliza kazi, mtu huingia kulisugua kwa mkono, lakini hashuki mpaka koroboi iliyowashwa itangulie kushushwa kwa uzi. Koroboi ikizimika, chini kuna hewa nzito inayoua bila kelele, na mtu anasubiri. Kanuni ya pili ilisema kwamba anayeshuka hufungwa kamba kiunoni, na kamba hiyo hushikwa na ndugu yake wa damu. Mzee alipoulizwa kwa nini lazima awe ndugu, alijibu kwamba mtu wa mshahara anaweza kuiachia kidogo apige chafya.

Kwa miaka kumi na miwili mkubwa alishuka na mdogo akashika kamba. Walikuwa hawapatani kwa lolote, walinuniana hata kwenye meza ya chakula ya mama yao, lakini kamba ilishikwa. Siku za kuosha matangi mdogo alikuwa akirudi nyumbani na viganja vyekundu, vimechubuka, na mama yao akimpaka samli bila kusema neno.

Kisha kiwanda kikatimiza miaka hamsini. Wageni walialikwa, maturubai yakafungwa, na bango refu likachorwa kwa herufi nyekundu: MIAKA HAMSINI YA LADHA ILE ILE. Asubuhi ile upepo ulivuma, kamba za bango zikakatika, na shemeji akaagiza kamba ya tangi ichukuliwe. Ni kwa muda wa saa mbili tu, alisema. Bango likafungwa langoni, likakaza vizuri kabisa. Saa nne shemeji alikumbuka kwamba wageni wangepitishwa kwenye matangi na kwamba tangi la tatu lilikuwa bado linanuka. Koroboi ikashushwa, ikazimika. Shemeji akasema utambi ulikuwa mfupi. Kaka yake alisimama kwenye mdomo wa tangi akauliza kamba iko wapi. Hakujibiwa. Akauliza tena. Akaambiwa iko kwenye bango, na kwamba wageni wamefika getini, na kwamba mwanamume mzima haogopi ngazi ya hatua kumi na moja. Watu tisa walikuwepo wakasikia. Akashuka.

Chini ya tangi hubaki pombe changa na mashapo ya kufika magotini. Alilala humo tangu saa nne mpaka wageni walipoondoka saa kumi, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumfuata wala kamba ya kumfuatia, na hotuba zilikuwa zimeanza. Jioni wakamtoa kwa kulabu za kuvutia mapipa. Katika kitabu cha ajali shemeji aliandika kwa mkono wake mzuri wa shule: Marehemu alikuwa amelewa.

Marehemu hakuwahi kumeza tone la pombe maishani mwake. Tumbo lake lilikuwa haliwezi, na yeye mwenyewe alizoea kutania kwamba ndiye mlevi pekee duniani anayelewa kwa pua. Kila mtu kiwandani alilijua hilo pia. Pombe changa ya tangi la tatu haikumwagwa, kwani kiwandani pale hakimwagwi kitu; shemeji alisema moto wa mtambo husafisha kila kitu. Ilikenekwa Ijumaa, ikatoka pipa moja tu, likapewa namba kumi na tisa.

Tangu siku ya ajali mwonjaji alikuwa na haja moja. Hakutaka pole wala kiti cha mbele kanisani au popote pale. Alitaka mstari ule kwenye kitabu cha ajali ufutwe na uandikwe wa kweli. Mji mzima ulikuwa ukimtaja mumewe kwa kile mstari ulichosema. Mama mkwe wake ndiye aliyetangulia kulitamka mbele za watu, siku ya matanga, kwamba mwanawe kaponzwa na chupa na mke wake kamtazama tu. Mwonjaji alikwenda ofisini kwa shemeji yake mara moja kila mwezi, akasimama, maana hakuambiwa akae.

"Shemeji, kitabu hakifutwi," alikuwa akimjibu, akiendelea kupiga mihuri. "Kikifutwa leo, kesho nani atakiamini?"

Alilisema kwa upole, upole ule wa kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na mwonjaji akarudi kwenye glasi zake. Alimchukia kuanzia kola ya shati mpaka namna alivyofunika kalamu zake. Hakumficha chuki hiyo, na shemeji naye hakumficha yake. Walisalimiana kila asubuhi kama kanuni za ukutani zinavyosomwa, bila mtu kuzitia maanani.

Kwa hiyo pipa la kumi na tisa liliposema, mwonjaji hakupoteza muda kulia. Alijaza chupa tatu, akazifunga kwa nta, akajaribu kwanza kwa watu wa pale pale ili ajue linavyofanya kazi. Lilifanya kazi sawasawa kwa kila mtu. Aliyeonja, hata kama alitema, sentensi yake ya kwanza ilikuwa ya marehemu, kwa sauti ya marehemu, ikiuliza kamba. Sentensi ya pili ilikuwa yake mwenyewe. Fundi mitambo aliuliza kamba, kisha akauliza saa ya chakula. Mama wa kubandika lebo, ambaye ana sauti nyembamba ya kwaya, aliuliza kamba kwa besi iliyotikisa visoda vya chupa kwenye bakuli, kisha akaomba aongezewe kidogo. Mwonjaji mwenyewe alizoea upesi. Kila alipoonja aliinama juu ya ndoo na kulisema humo ndani, taratibu, pamoja na funda, ili asije akajibiwa na mtu.

Chupa ya kwanza aliipeleka kwa mkaguzi wa viwanda. Mkaguzi alikuwa mtu mnene, mwenye leso mbili, moja ya jasho na nyingine ya maonyesho. Alimimina, akanywa, akauliza kamba iko wapi. Mwonjaji akamweleza ilikokuwa. Mkaguzi akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema jambo lenyewe ni zito na ushahidi ni mzuri, ila kuna tatizo la kiofisi: ushahidi huo umetoka kinywani mwake yeye mkaguzi, na mkaguzi hawezi kujihoji mwenyewe kisha akajiandikia ripoti. Angekuwa mwingine aliyekunywa, hapo sawa. Mwonjaji akasema basi na aitwe mwingine anywe sasa hivi. Mkaguzi akasema huyo mwingine naye atakuwa amekunywa, na aliyekunywa hachukuliwi maelezo, sheria iko wazi. Akaibakiza chupa kwa ajili ya kumbukumbu, na alipofika mlangoni mwonjaji akamsikia nyuma yake akiuliza tena kamba iko wapi, ofisini peke yake, na kucheka.

Chupa ya pili aliipeleka kwa mama mkwe.

Mama mkwe alikuwa ameketi barazani akimenya machungwa. Maganda yake ndiyo yaliyotia harufu kwenye ramu tamu ya kiwanda kwa miaka arobaini, na alikuwa na mtindo wake: ganda lote litoke kwa utepe mmoja, tangu kikonyo mpaka kitovu. Utepe ukikatika, chungwa lile lilitupwa kwenye beseni la pili na halikuhesabiwa. Alimwona mkamwana wake akija, akashusha macho kwenye kisu. Hakumkaribisha, wala mwonjaji hakungoja kukaribishwa. Alivuta kigoda, akamimina ramu kwenye kikombe cha udongo, akakiweka juu ya ukuta mdogo kati yao.

Mama mkwe alikunywa kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa bado umeshika kisu.

"Kamba iko wapi?" akasema, kwa sauti ya mtoto wake wa kwanza.

Utepe wa ganda haukukatika. Uliendelea kushuka mpaka ukagusa sakafu, na alipoufikisha mwisho akauweka juu ya wenzake, akafuta kisu kwenye kanga.

"Haya, nimesikia," akasema kwa sauti yake. "Ulikuwa unataka nisikie nini?"

"Kwamba hakulewa, mama."

"Najua hakulewa. Nilimnyonyesha mimi, nalijua tumbo lake."

Mwonjaji alikuwa amejiandaa kwa matusi na kwa majibu ya matusi. Akamuuliza tangu lini.

"Tangu siku ile ile jioni. Mdogo wake alikuja kuninong'oneza kwamba kaka kateleza, kalewa, kamba imemponyoka yeye aliyeishika. Nikamwambia lete viganja nikupake samli." Mama mkwe akachukua chungwa jingine. "Vilikuwa laini. Mtu aliyeshika kamba yenye mzigo harudi na viganja laini."

"Na ukasema mbele ya watu kwamba ni chupa. Ukanisema na mimi."

"Nilisema."

"Mama, njoo useme ulichokiona. Neno moja tu, waandike."

"Nilizaa wawili," mama mkwe akasema, na kisu kikaanza kuzunguka tena. "Mmoja amekwisha kufa, hata ukikifuta kitabu chote harudi. Ukiniondolea na huyu, nabaki na nani? Na wewe?" Hilo la mwisho alilisema kwa chuki safi, isiyo na maji hata tone. "Chukua kikombe chako."

Mwonjaji alichukua kikombe. Njiani alilia kwa hasira, akitembea upesi, na watu aliopishana nao walidhani ni vumbi.

Chupa ya tatu ilimfikia shemeji bila mwonjaji kuipeleka, kwa njia ya mtunza ghala, ambaye hakuwa mtu mbaya ila alikuwa na watoto sita. Shemeji alifunga mlango wa ofisi, akanywa, akauliza kamba iko wapi. Kwa kuwa koo lake na la kaka yake yalikuwa ya baba mmoja, sauti ilitoka kamili kuliko kwa mtu yeyote mwingine, na wale waliokuwa ukumbini walisimama kwa heshima wakidhani marehemu amekuja kazini. Kisha shemeji akatoka, akamwita mwonjaji, akamuuliza kwa sauti yake mwenyewe: pipa hilo likichanganywa na mapipa mengine, linasema kwa kiasi gani?

Mwonjaji alimwambia hajui. Alijua. Alikuwa amejaribu kikombe kimoja kwenye pipa zima, na pipa zima lilikuwa limeuliza.

Shemeji alijaribu mwenyewe, akajua pia. Baada ya miezi miwili ramu mpya ikaingia sokoni. Kwenye lebo palichorwa kamba ya rangi ya dhahabu imejikunja duara, na ndani ya duara maneno matatu: KAMBA IKO WAPI? Sherehe ya kuizindua ilifanyika kwenye uwanja wa kiwanda, mbele ya bango lile lile la langoni, ambalo herufi zake zilikuwa zimepauka ila kamba yake ilikuwa imara. Hakuna aliyewahi kukatazwa kuifungua. Hakuna aliyeifungua. Shemeji alipanda jukwaani, akainua glasi, akanywa, akauliza kwa sauti ya kaka yake, na wageni mia mbili wakanyoosha vidole langoni wakajibu kwa pamoja, "Iko kwenye bango!" Wakacheka, wakanywa, wakauliza, wakajibiana. Mwonjaji alikuwa amesimama mstari wa mbele kusudi. Alimkazia macho shemeji yake, akingoja japo kope moja itikisike. Shemeji aliomba barafu.

Ramu ilikwenda kama maji. Kwenye arusi waliuliza kamba kabla ya hotuba, na wazee waliokula chumvi nyingi waliuliza kamba kwenye mabenchi ya nje ya maduka. Jibu likawa ndiyo salamu. Mtu akikosa ufunguo, akichelewa kazini, akiulizwa mshahara umekwenda wapi, alijibu uko kwenye bango, na watu wakavunjika mbavu. Mji mzima sasa ulijua kilichotokea kwenye tangi la tatu, ulikisema kwa kinywa chake mara kadhaa kwa jioni moja, na kitabu cha ajali kilikuwa kabatini, mstari wake haujaguswa. Mwonjaji aliendelea kwenda ofisini kila mwezi. Shemeji aliendelea kupiga mihuri. Mwonjaji aliulizwa na watu kwa nini haachi kazi ile, naye akajibu kwamba pipa la kumi na tisa bado lina nusu, na hatamwachia mtu mwingine kulichota.

Sasa, kwa miaka hiyo yote mitatu na ushei matangi hayakuwa yakioshwa kwa ndani. Yalisuguliwa kutoka juu kwa mifagio ya mipini mirefu, na mashapo yakaganda. Biashara ilipopanda, matangi yakatakiwa yafanye kazi mara mbili, yakaanza kunuka. Shemeji akaajiri mwoshaji. Alikuwa mwashi wa zamani, mtu mpole mwenye mabega mapana, aliyefahamika kwa jina la Baba Mapacha, na hao mapacha walikuwa ndiyo kwanza wameota meno ya mbele. Hakunywa ramu wala kitu kingine. Alisema hana ugomvi na pombe, ni vile tu mapacha wanamwamsha saa kumi alfajiri na kichwa kinatakiwa kiwe chepesi. Siku ya kwanza alisoma kanuni za ukutani kwa kidole, neno kwa neno. Aliuliza habari ya kamba, na shemeji akamwambia kwamba kanuni inasema kamba hushikwa na ndugu wa damu. Je, ana ndugu hapa kiwandani? Hakuwa naye. Basi, shemeji akasema, kamba itamsaidia nini?

Alhamisi, saa tatu asubuhi, mwonjaji alikuwa mezani kwake na mchanganyiko wa siku. Dirisha lilikuwa wazi. Alivuta funda, akalizungusha, akatema, na alipokuwa anainama juu ya ndoo aseme la marehemu kama kawaida yake, akaona nje, kwenye tangi la tatu, koroboi ikishushwa kwa uzi. Akainuka kutazama. Moshi mwembamba ulipanda kutoka kwenye mdomo wa tangi. Fundi mitambo akavuta uzi, koroboi ikatoka imezimika. Shemeji, aliyesimama pembeni na mafaili, akasema utambi ni mfupi.

Baba Mapacha alikuwa ameshakanyaga ngazi ya juu. Akatazama koroboi, akatazama chini, akajigusa kiunoni.

"Kamba iko wapi?" akauliza.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, nyembamba, ya mtu anayetaka kujua. Mwonjaji aliitambua mara moja. Wengine hawakusikia tofauti. Walisikia maneno yale matatu asubuhi na mapema kutoka kwa mtu aliyedai hanywi, wakaangua kicheko, mikono ikanyooka langoni.

"Iko kwenye bango!"

Mwonjaji alitoka mbio, glasi bado mkononi, akaruka mtaro wa maji machafu, akafika kati yao. Alifungua mdomo kusema mtoeni mtu huyo kwenye ngazi. Lakini alikuwa hajazungumza tangu ateme, na hakuwa amelisema la kwanza ndooni.

"Kamba iko wapi?" akapaza, kwa sauti ya mumewe.

Hapo ndipo walipocheka kwelikweli. Fundi mitambo alishikilia nguzo. Mama wa lebo alijifuta machozi. Mwonjaji, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akifanya mzaha, amekuja mbio na glasi yake kufanya mzaha. Hata mtunza ghala alicheka. Baba Mapacha naye akacheka, kama mtu anavyocheka kwenye kazi mpya ili asionekane mgeni, akainua kiganja kuwapungia, akashuka.

"Mtoeni," mwonjaji akasema kwa sauti yake. "Koroboi imezimika. Mtoeni."

Ngazi ilikuwa imekwisha kuacha kutikisika.

Wanaume wawili walikimbilia langoni. Mafundo ya bango yalikuwa yamenyeshewa kwa miaka, yamekaza, hayafunguki kwa vidole wala kwa meno, na kisu kilipopatikana muda ulikuwa umekwenda. Bango likaanguka chini. Walimnasa Baba Mapacha kwa kulabu iliyofungwa kwenye kamba ile, wakamvuta, wakamlaza kwenye saruji, na maji ya molasi yakamtiririka masikioni. Alasiri mkewe alikuja na mapacha, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, akasimama getini akimtafuta mtu wa kumuuliza. Kamba ilioshwa, ikaanikwa. Jumamosi ilifunga bango jipya.

Shemeji aliandika kwenye kitabu cha ajali: Marehemu alikuwa amelewa. Safari hii hakuwa na haja ya kubuni. Baba Mapacha alishuka akicheka, na mashahidi tisa walisema hivyo, kwa masikitiko, na walikuwa wakisema kweli. Mkaguzi alikuja, akachukua maelezo, akaondoka na kreti moja kwa ajili ya kumbukumbu.

Pombe changa haikumwagwa. Ilikenekwa, ikatoka pipa moja, la thelathini na mbili, na kwa kuwa soko lilikuwa linangoja, shemeji hakutaka kusubiri miaka mitatu. Aliagiza lionjwe bichi, likiwa bado na joto la mtambo, na akaja mwenyewe kwenye chumba cha kuonjea, akasimama nyuma ya kiti cha mwonjaji na mikono mfukoni.

Mwonjaji akanusa, akaonja, akatema. Aliinama juu ya ndoo, na sauti nyembamba ya Baba Mapacha ikasema humo ndani, taratibu, "Mbona mnacheka?"

Akajifuta mdomo. Kwenye safu ya uamuzi, bila kuiacha kalamu hewani hata kidogo, akaandika imekataliwa.

Shemeji alisoma juu ya bega lake. Hakubisha. Alichukua glasi, akanywa kilichobaki, na kwa sauti ya mwashi aliyekufa akawauliza mwonjaji na mtunza ghala aliyeleta kionjo mbona wanacheka. Hakuna aliyekuwa anacheka. Shemeji akatazama dari, midomo yake ikihesabu. Maneno mawili, akasema, tena mafupi. Kwenye lebo yatakaa vizuri kuliko yale ya kwanza.

Kisha akaomba kalamu, akalivuta daftari upande wake, akalifuta neno la mwonjaji kwa mstari mmoja ulionyooka, na juu yake, kwa mkono wake mzuri wa shule, akaandika imepita.